Taa Inayopepesa Hadi Alfajiri: Saketi Ndogo ya Kumlinda Anayetumia Barabara Usiku

Maandishi ya mhadhara kwa wanagenzi wa vyuo vya ufundi, mafundi wa juakali na wananchi wanaotumia barabara usiku



Katika masoko mengi kazi huanza kabla ya jua kuchomoza. Saa kumi alfajiri, wakati wengi bado wamelala, mikokoteni tayari iko barabarani ikiwa na magunia ya viazi, kreti za nyanya na mitungi ya maji. Mkokoteni hauna injini, na mara nyingi hauna taa. Anayeuvuta ameinama mbele, mgongo wake umeelekea magari yanayotoka nyuma, wala hayaoni.

Sasa mfikirieni dereva wa lori anayekuja nyuma yake. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, linapita mita 22 kila sekunde. Dereva akiuona mkokoteni ukiwa mita 30 tu mbele yake, sekunde moja na nusu haitatimia kabla hajaufikia. Hapo hata breki nzuri haimsaidii. Lakini akiuona ukiwa mita 200, ana sekunde tisa. Katika sekunde tisa mtu anaweza kupunguza mwendo, kutazama kioo na kupita kando kwa utulivu. Mada ya leo ni namna ya kumpa dereva huyo zile sekunde tisa kwa kutumia taa ndogo ambayo mwanagenzi anaweza kuiunda kwa mikono yake.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliyapa serikali za kaunti majukumu mengi. Miongoni mwake ni vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti na taa za barabarani. Lakini hata taa za barabarani zikiongezwa kila mwaka, zipo njia nyingi ambazo hazijafikiwa. Kwenye njia hizo anayetembea usiku hana budi kubeba mwanga wake mwenyewe.

Kwa nini taa ipepese

Taa inayopepesa ina faida mbili. Ya kwanza ni kwamba jicho la binadamu huvutwa na kitu kinachobadilika. Taa iliyotulia inaweza kupotea katikati ya taa za maduka na nyumba, lakini inayowaka na kuzima hulilazimisha jicho kugeuka. Mabaharia wamelijua jambo hili tangu zamani, na ndiyo maana minara mingi ya taa baharini hupepesa, kila mmoja kwa mpigo wake, ili nahodha asiuchanganye na taa za mjini.

Faida ya pili ni betri. Taa inapokuwa imezima, haili umeme. Kwa hivyo taa inayopepesa inaweza kudumu muda mrefu kuliko inayowaka mfululizo. Hapa ndipo lilipo jambo kuu la mhadhara huu. Taa bora ya usalama si ile inayong'aa kupita zote saa moja jioni. Ni ile ambayo bado inawaka saa kumi alfajiri. Kenya imekatwa na mstari wa ikweta, kwa hivyo giza letu ni la karibu saa kumi na moja kila usiku, mwaka mzima. Taa inayokufa usiku wa manane humwacha mwenyewe hatarini, tena akiamini kwamba anaonekana.

Mtungi, mfereji na mlinzi

Taa ya kawaida haina habari ya muda. Ukiibonyeza inawaka, ukiibonyeza tena inazima. Ili ijiwashe na kujizima yenyewe, saketi inahitaji njia ya kupima muda. Njia hiyo ni rahisi kuieleza kwa maji.

Chukua mtungi mtupu, uuweke chini ya mfereji unaotoa maji membamba. Haba na haba hujaza kibaba: mtungi utajaa, lakini itachukua muda. Mtungi ukiwa mkubwa, muda huwa mrefu. Mfereji ukifunguliwa zaidi, muda huwa mfupi. Katika saketi, mtungi ni kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme. Mfereji ni rezista, yaani kifaa kinachobana umeme usipite kwa wingi. Ukubwa wa kapasita hupimwa kwa maikrofaradi, na ukali wa rezista kwa omu au kilo-omu.

Kinachobaki ni mlinzi wa kuuangalia mtungi. Mlinzi huyu amewekewa alama mbili, moja kwenye theluthi ya mtungi na nyingine kwenye theluthi mbili. Maji yakipanda hadi theluthi mbili, anafungua tundu la chini yatoke. Yakishuka hadi theluthi moja, analiziba ili mtungi uanze kujaa upya. Haya yataendelea usiku kucha bila mlinzi kusinzia. Kila anapofungua au kuziba, anapiga kengele, na kengele hiyo ndiyo inayowasha na kuzima taa.

Mlinzi huyo ni chipu inayoitwa 555.

Chipu ya miaka hamsini ambayo bado inafanya kazi

Chipu ya 555 ilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, katika jimbo la California. Aliitengeneza kwa mkataba na kampuni ya Signetics, na ikaanza kuuzwa mwaka 1972. Ndani yake mna rezista tatu zilizo sawa, na hizo ndizo zinazoigawa volti ya betri katika theluthi. Kila moja ni ya kilo-omu 5, na wengi husema jina 555 lilitokana na hizo tano tatu. Camenzind mwenyewe alieleza kwamba namba hiyo ilichaguliwa tu.

Zaidi ya miaka 50 imepita, na simu za leo zina chipu zenye uwezo mkubwa mara nyingi zaidi. Hata hivyo 555 bado inatengenezwa na kuuzwa katika maduka ya vifaa vya elektroniki. Ni ndogo kuliko punje ya haragwe kubwa, haihitaji kompyuta wala programu, na inafanya kazi kwa betri ya kuanzia volti 4.5 hadi 16.

Kwa kuwa alama za mlinzi ni sehemu ya volti ya betri, betri ya volti 9 huziweka kwenye volti 3 na volti 6. Betri ikichoka ikashuka hadi volti 7, alama nazo hushuka pamoja nayo, na mpigo wa taa haubadiliki sana. Taa itafifia kidogo, lakini haitapoteza mwendo wake.

Kuunda taa ya kwanza

Vifaa vinavyohitajika ni hivi: chipu moja ya 555, betri ya volti 9 na kishikizo chake, taa moja nyekundu ya LED, rezista tatu, kapasita mbili, nyaya na ubao wa majaribio wenye matundu.

Rezista ya kwanza ni ya kilo-omu 10, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na machungwa. Ya pili ni ya kilo-omu 68, yenye buluu, kijivu na machungwa. Ya tatu ni ya omu 470, yenye njano, zambarau na kahawia. Kapasita kubwa ni ya maikrofaradi 10, na ndogo ni ya nanofaradi 10.

Ishike chipu ukiwa umeelekeza pengo lake juu. Mguu wa 1 ni wa kushoto juu. Hesabu ukishuka hadi wa 4, kisha vuka upande wa kulia na uhesabu ukipanda kutoka wa 5 hadi wa 8. Baada ya hapo unganisha hivi:

Mguu wa 1 uende kwenye hasi ya betri.
Mguu wa 8 uende kwenye chanya.
Mguu wa 4 pia uende kwenye chanya, ili chipu isijizime yenyewe.
Rezista ya kilo-omu 10 iwe kati ya mguu wa 8 na wa 7.
Rezista ya kilo-omu 68 iwe kati ya mguu wa 7 na wa 6.
Mguu wa 6 na wa 2 viunganishwe kwa waya.
Kapasita ya maikrofaradi 10 itoke mguu wa 2 hadi hasi, upande wake wenye alama ya hasi ukielekea hasi.
Kapasita ndogo itoke mguu wa 5 hadi hasi, ili kutuliza mitikisiko ya umeme.
Kutoka mguu wa 3, weka rezista ya omu 470, kisha mguu mrefu wa LED. Mguu mfupi wa LED uende hasi.

Unganisha betri mwisho kabisa. Taa itawaka kwa nusu sekunde na kuzima kwa nusu sekunde.

Muda huo haukuja kwa bahati. Umeme hujaa ukipita kwenye rezista zote mbili, na hutoka ukipita kwenye ile ya pili peke yake. Muda wa kujaa hupatikana kwa kuzidisha 0.69 kwa jumla ya rezista hizo mbili, kisha kwa ukubwa wa kapasita. Hapa ni 0.69 mara omu 78,000 mara faradi 0.00001, ambayo ni sekunde 0.54. Muda wa kutoka ni 0.69 mara 68,000 mara 0.00001, yaani sekunde 0.47. Ukijumlisha unapata sekunde moja. Mwanagenzi aliyewahi kuuliza shuleni hesabu za desimali zitamfaa nini maishani, jibu lake linapepesa mezani.

Rezista ya omu 470 nayo ina kazi yake. LED haijui kujizuia. Ikiunganishwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 9 itapitisha umeme kupita kiasi na kuungua mara moja. Rezista hiyo huubana umeme ubaki kati ya miliampea 10 na 15, kiasi kinachotosha kuonekana vizuri gizani.

Je, itafika alfajiri?

Wanagenzi wengi huishia hapo. Taa imepepesa, darasa limepiga makofi, kazi imekwisha. Lakini swali la mvuta mkokoteni bado halijajibiwa: taa hii itadumu usiku ngapi?

Betri nzuri ya alikali ya volti 9 ina takriban miliampea-saa 500. Maana yake ni kwamba inaweza kutoa miliampea 1 kwa saa 500, au miliampea 10 kwa saa 50. Chipu ya 555 ya kawaida, kwa volti 9, hutumia yenyewe miliampea 6 hivi, hata kama taa imezima. LED inayowaka nusu ya muda hutumia kwa wastani miliampea 6 nyingine. Jumla ni miliampea 12. Gawanya 500 kwa 12, utapata saa 41. Kwa usiku wa saa 11, hizo hazitimii siku nne.

Mtu anayeishi kwa kipato cha siku hawezi kununua betri mpya kila baada ya siku nne. Ataitumia wiki ya kwanza, kisha taa itabaki mapambo yasiyowaka. Kwa hivyo kazi ya fundi ni kuipunguzia saketi hiyo njaa, na zipo hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni kufupisha mwako. Dereva hahitaji taa iwake nusu sekunde nzima ili aione. Mwako wa chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde unatosha kulishtua jicho, mradi usifupishwe kupita hapo, kwa maana mwako mfupi sana huonekana hafifu. Ondoa rezista ya kilo-omu 10 iliyo kati ya mguu wa 8 na wa 7, uweke ya kilo-omu 120, yenye kahawia, nyekundu na njano. Mahali pa ile ya kilo-omu 68, kati ya mguu wa 7 na wa 6, sasa weka ile ya kilo-omu 10 uliyoiondoa. Kisha igeuze taa: rezista ya omu 470 itoke kwenye chanya, iingie mguu mrefu wa LED, na mguu mfupi uende mguu wa 3 wa chipu. Sasa taa inawaka wakati mtungi unapomwagika, si wakati unapojaa. Fanya hesabu tena: mtungi unajaa kwa sekunde 0.90 taa ikiwa imezima, na kumwagika kwa sekunde 0.07 taa ikiwaka. Wastani wa umeme wa LED unashuka hadi miliampea 1.

Hatua ya pili ni kubadilisha chipu yenyewe. Mwako ukishafupishwa, mlaji mkubwa anabaki kuwa 555 ya kawaida na miliampea zake 6. Iko ndugu yake, inayoitwa 7555, iliyotengenezwa kwa teknolojia ya CMOS. Miguu yake imepangwa vilevile, lakini yenyewe hutumia karibu sehemu moja ya kumi tu ya miliampea. Itoe ya kwanza, uiweke hii, bila kubadilisha waya wowote. Jumla ya matumizi inakuwa miliampea 1.2 hivi. Gawanya 500 kwa 1.2, utapata zaidi ya saa 400. Kwa usiku wa saa 11, ni zaidi ya siku 35.

Hiyo ni hesabu ya karatasini. Betri ya zamani kwenye rafu ya duka, au ya aina hafifu, itatoa pungufu. Lakini hata ikitoa nusu yake, bado ni zaidi ya wiki mbili badala ya siku nne. Ubao ni uleule na betri ni ileile, ila fundi aliuliza swali moja zaidi.

Liko na jambo jingine linalofaa mkokoteni. Taa moja haimwonyeshi dereva upana wa mzigo. Ni bora kuweka LED mbili, moja kila kona ya nyuma. Zikiunganishwa kwa mfuatano, mguu mfupi wa ya kwanza kwenye mguu mrefu wa ya pili, umeme uleule hupita katika zote mbili. Punguza tu rezista kutoka omu 470 hadi 330. Taa zinakuwa mbili bila betri kulemewa zaidi.

Ukikosa chipu

Si kila kituo cha biashara kina duka la vifaa vya elektroniki. Lakini karibu kila kijiji kina redio iliyokufa. Ndani ya redio hizo mna transista, rezista na kapasita zinazoweza kutolewa, kupimwa kwa mita na kutumika tena.

Transista mbili za aina ya BC547 zinaweza kufanya kazi ya kupepesa bila chipu. Kila moja hulinda mwenzake: ya kwanza ikiwaka, huilazimisha ya pili izime, kisha baada ya muda wanabadilishana zamu. Msingi wa kila transista huunganishwa kwa chanya kupitia rezista ya kilo-omu 47. Kapasita ya maikrofaradi 22 hutoka kolekta ya moja hadi msingi wa nyingine, upande wa chanya ukiwa kwenye kolekta. Kila kolekta hupata umeme wake kutoka chanya kupitia rezista ya omu 220 na LED. Emita zote mbili huenda hasi. Kwa betri tatu za volti 1.5, taa mbili zitapokezana kila baada ya sekunde 0.7 hivi.

Wazo hili lina zaidi ya miaka 100. Wafaransa wawili, Henri Abraham na Eugène Bloch, waliieleza saketi ya namna hii mwaka 1919, wakati transista zilikuwa hazijavumbuliwa, na wao walitumia taa za utupu.

Taa inayofifia na kung'aa polepole

Baadhi ya wanagenzi watataka taa ambayo haipepesi ghafla, bali inang'aa taratibu na kufifia taratibu, kama mtu anayepumua. Hili linawezekana kwa mtungi uleule. Mwako wa ghafla hutoka mguu wa 3, lakini ndani ya kapasita umeme hupanda na kushuka polepole, kati ya volti 3 na volti 6. Kinachohitajika ni transista ya kuupeleka mwendo huo kwenye LED bila kuumaliza umeme wa kapasita.

Tumia 555 ya kawaida. Weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya mguu wa 8 na wa 7, ya kilo-omu 15 kati ya mguu wa 7 na wa 6, na kapasita ya maikrofaradi 100. Unganisha msingi wa BC547 kwenye mguu wa 2 na wa 6, kolekta kwenye chanya, na emita kwenye rezista ya omu 330, kisha LED, kisha hasi. Ukiishika BC547 uso wake bapa ukikuelekea na miguu ikitazama chini, kutoka kushoto ni kolekta, msingi, emita. Transista nyingine hupangwa tofauti, kwa hivyo hakikisha kwanza. Taa itapanda na kushuka kwa mzunguko unaozidi sekunde 2 kidogo, bila kuzima kabisa.

Lakini kila mwanga una kazi yake. Taa inayofifia inapendeza, na inafaa kuonyesha kwamba betri inachajiwa au kumwongoza mgonjwa usiku bila kumwamsha. Barabarani haifai. Jicho hushtushwa na badiliko la ghafla, na badiliko la polepole hulipita bila kulitambua. Anayetaka kuonekana na lori atumie mwako mfupi na mkali.

Neno kwa wahudumu wa bodaboda

Wapo waliobadilisha balbu za indiketa wakaweka LED ili kuokoa betri, kisha wakashangaa indiketa kuwaka kwa kasi isiyo ya kawaida au kukataa kabisa kupepesa. LED hazijaharibika. Kipepesaji cha zamani kwenye pikipiki hutegemea umeme mwingi unaovutwa na balbu ili kipime muda wake. LED huvuta umeme kidogo, kwa hivyo kipepesaji hudhani balbu imeungua. Dawa yake ni kuweka kipepesaji cha kielektroniki kinachopima muda kwa rezista na kapasita, bila kujali balbu inavuta kiasi gani. Kanuni ni hii hii iliyoelezwa leo. Ila umeme wa pikipiki hupanda kupita volti 14 injini inaponguruma, tena una mirindimo mikali, kwa hivyo kazi hiyo ifanywe na fundi anayejua kuilinda saketi.

Saketi ikikataa

Hakuna fundi ambaye saketi yake haijawahi kukataa. Taa isipowaka kabisa, angalia kama LED imegeuzwa, kisha kama mguu wa 4 umefika kwenye chanya. Ikiwaka mfululizo bila kuzima, mara nyingi mguu wa 2 na wa 6 havijaunganishwa, au kapasita imechomoka. Kapasita ikichomoka, chipu inaweza kupepesa kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na taa ikaonekana imetulia. Chipu ikipata moto, ondoa betri mara moja, kwa maana huenda chanya na hasi zimebadilishana.

Saketi ikishafanya kazi kwenye ubao wa majaribio, ilehemu kwenye ubao wa kudumu. Nyaya za kuchomeka hazitahimili mitikisiko ya barabara yenye mashimo. Iweke ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko, zibe matundu ya nyaya maji yasiingie, na ufunge swichi mahali mkono unapoweza kuifikia.

Tahadhari za mwisho

Saketi hizi ni za betri tu. Zisiunganishwe kamwe na umeme wa nyumbani wa volti 240, hata kwa kujaribu. Taa ya nyuma iwe nyekundu na ya mbele iwe nyeupe. Msitumie buluu, rangi ambayo wananchi wameizoea kama ishara ya polisi na ambulensi. Taa hii haichukui nafasi ya taa ambazo sheria inazitaka kwenye chombo chenye injini, wala ya viakisi mwanga na fulana ya kung'aa. Inaongezwa juu yake. Nayo mabaki ya redio yasichomwe moto, kwa maana moshi wake una sumu kwa anayechoma na kwa majirani.

Kwa wakufunzi, lipo ombi moja. Mwanagenzi anapomaliza saketi yake, asipewe alama kwa sababu taa imepepesa darasani. Aambiwe aiache mezani ikiwaka saa moja jioni, afunge mlango, aende kulala. Asubuhi afungue mlango. Ikiwa bado inapepesa, amefaulu. Kisha aendelee kuihesabu kila usiku hadi betri iishe, alinganishe na hesabu yake ya karatasini, na aeleze ni wapi zilipotofautiana.

Huo ndio mtihani ambao barabara itampa mvuta mkokoteni. Dereva wa lori hatajua ni chipu gani imetumika, wala ni nani aliyeilehemu. Atakachoona ni nukta mbili nyekundu gizani, mita 200 mbele yake, zikiwaka na kuzima. Atapunguza mwendo, atapita kando, na viazi vitafika sokoni pamoja na aliyevibeba.